Kamati ya Harusi Ikutane Tena

Tangu Desemba 1962, ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, wananchi wa nchi hii wamezoea kuambiwa kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Sisi tuliokuja nyuma, tukaajiriwa tuulinde na kuueneza, tumeandika kurasa nyingi juu ya ngoma, vinyago, mavazi, ushairi na majina ya mitaa. Hatusemi kwamba kazi hiyo ilikuwa bure. Lakini mwulizeni afisa utamaduni yeyote jinsi Wazaramo wanavyomcheza mwali, naye atawasimulia mpaka jua lichwe; kisha mwulizeni jinsi mume na mke wanavyoachana, naye atawatazama kama watu waliotaja maiti mezani. Ati hilo si utamaduni. Hilo ni aibu ya watu wawili, na aibu hufunikwa kawa.

Sisi twapinga. Kuachana ni jambo la jamii kama vile kuoana kulivyo jambo la jamii, na jamii inayojua kuozesha lakini haijui kuachanisha imejifunza nusu tu ya kazi yake.

Hebu tazameni tunavyooana. Hutangulia mshenga na barua ya posa. Hufuata mazungumzo ya mahari, kilemba cha baba, mkaja wa mama, na kwingine ng'ombe na mbuzi kwa idadi yao. Kisha huundwa kamati. Kamati ya harusi ya Kitanzania, ndugu msomaji, ni chombo cha ajabu: ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ina wajumbe wa chakula, wa vinywaji, wa mapambo na wa usafiri, ina daftari la ahadi na daftari la malipo, hukutana kila Jumapili kwa miezi mitatu, na aliyeahidi asitoe hupigiwa simu asubuhi na jioni kama mdaiwa sugu. Ni mashirika mangapi ya umma yaliyokufa kwa kukosa bidii ya namna hii! Na sisi washairi hatubaki nyuma. Mwana Kupona, mnamo mwaka 1858, alimwusia binti yake kwa utenzi jinsi ya kukaa na mume, na tangu hapo tumekuwa tukiwausia maharusi kwa beti za kila bahari. Mwandishi wa makala haya peke yake ameghani mashairi katika harusi zisizopungua arobaini, akalipwa soda na sahani ya pilau.

Sasa watu wale wale wawili, baada ya miaka sita au kumi na sita, wakishindwana, kamati iko wapi? Mwenyekiti amehamia mkoa mwingine. Mshenga hapokei simu. Shangazi wa upande huu na mjomba wa upande ule wamenuniana, na kila mmoja anamwaga petroli kwa ndoo yake. Mshairi, ambaye aliwaita mauwa mawili yaliyoota shina moja, anapita njia ya nyuma ya nyumba ili asiulizwe. Waliokula pilau hawaonekani, ila wawili watatu waliokuja kutega sikio dirishani.

Wakiachwa hivyo bila mtu, wawili hao huwa na njia mbili. Ya kwanza ni ya usiku: mke anakuta godoro lake barazani na kufuli jipya mlangoni, au mume anarudi safari akute nyumba imebaki kuta, hata pazia limekwenda. Ya pili ni ya mchana, nayo yaonekana ya kistaarabu kwa kuwa watu huvaa viatu na kubeba mafaili. Huko kila mmoja huandikiwa hati ya madai inayomfanya mwenzake kuwa mlevi, mzinzi, mchawi na mvivu kwa pamoja. Mashahidi hutafutwa. Jirani aliyekuwa akiwaazima chumvi husimama kizimbani aseme alisikia nini usiku wa siku fulani. Na watoto, ambao hawakuandika hati yoyote, hujifunza kwamba baba ni Mdai na mama ni Mdaiwa.

Ipo njia ya tatu, nayo si ya wageni wala si ya leo. Ni baraza. Katika Uislamu, Sura ya Wanawake, aya ya 35, imeagiza kwamba hitilafu ikihofiwa kati ya mume na mke, aitwe mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke. Bara, kabila kwa kabila, walioitwa mwanzoni kuhesabu mahari ndio walioitwa mwishoni kuyahesabu upya. Hakuna aliyedhani kwamba wawili waliofunga mbele ya halaiki wanaweza kufungua gizani.

Nayo Jamhuri yetu haikuidharau njia hiyo. Mwaka 1969 Serikali ilitoa mapendekezo yake ya sheria moja ya ndoa ili wananchi wayajadili. Yakajadiliwa, wakati mwingine kwa ukali. Na tarehe 1 Mei 1971 Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka huo, ikaanza kutumika Tanzania Bara. Asomaye sheria hiyo kwa utulivu ataona kwamba katikati ya lugha ya Kiingereza ya mawakili umekalishwa mkeka wa Kiafrika. Sheria yasema kwamba mtu haruhusiwi kupeleka mahakamani ombi la talaka kabla ya shauri lake kufikishwa mbele ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na Baraza hilo kuthibitisha kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza liwepo katika kila kata; jumuiya za dini nazo zaweza kuwa na mabaraza yao yakitambuliwa na Waziri. Ndani yake huketi mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Wakili haruhusiwi kumsemea mtu humo. Jamaa ndiye anayeweza kumsimamia. Tena Baraza likishindwa kupatanisha, halikatazwi kuambatanisha na hati yake mapendekezo yake juu ya shauri lenyewe. Hebu fikirini: sheria imewapa wazee wetu kalamu, nao wameifanya kijiti cha kuchokolea meno.

Hapa ndipo ugomvi wetu ulipo. Hatugombi na mahakama, kwani mahakama hupokea kinacholetwa. Twagomba na mabaraza, na twagomba na sisi wenyewe tunaoyajaza.

Katika utumishi wetu tuliwahi kuwa makatibu wa baraza la kata moja ambayo hatutaitaja. Tuliyoyaona humo yatosha. Mwanamke huja na shauri lake, anaulizwa maswali matatu, kisha mwenyekiti hukohoa na kusema, "Mama, vumilia. Nyumba ni siri." Anarudi. Baada ya miezi miwili anakuja tena, anaambiwa vumilia. Mara ya tatu anaambiwa alete wazee wa upande wake, analeta, wazee wanaambiwa wamwambie avumilie. Mwanamume naye akija na lake huambiwa akaze kamba, yeye ndiye mwanamume. Neno suluhu limefupishwa likawa na maana moja tu: rudini nyumbani. Mwaka mzima hupita hivyo, na katika mwaka huo mwenye nguvu huuza kiwanja, huandikisha gari kwa jina la mdogo wake, humpeleka mtoto kwa bibi mkoa wa mbali. Hati inapotolewa, imebaki kugawanywa hasira.

Na hati yenyewe! Imeandikwa juu ya karatasi iliyochanwa kwenye daftari, haina mhuri, haisemi kwamba usuluhishi umeshindikana, au imetolewa na mtu mmoja aliyekaa peke yake ofisini. Mahakama ya Rufani imelazimika zaidi ya mara moja kufuta mashauri ya talaka tangu mwanzo hadi mwisho kwa sababu hati ya Baraza haikuwapo au haikuwa halali. Maana yake ni kwamba watu waligombana ngazi kwa ngazi, wakauza mbuzi na mahindi walipie nauli, wakashinda na kushindwa, kisha wakarudishwa walipokuwa siku ya kwanza, bado mume na mke kisheria, kwa ajili ya karatasi moja ambayo mwenyekiti fulani wa kata aliona ni usumbufu kuiandika sawasawa.

Tukifika hapa hatuna budi kukiri jambo, maana msomaji ana haki ya kujua anayemsuta ni nani. Sisi tunaoandika haya tumeachana na mama wa watoto wetu, na tuliachana vibaya. Nyumba iliyokuwa ikigombewa ilikuwa ya vyumba vitatu, bati lake lilikuwa na kutu. Shauri lilianza mahakama ya mwanzo, likapanda ya wilaya, likapanda Mahakama Kuu, likachukua miaka minne. Mwanzoni baraza lilituita. Tulikwenda mara moja, tukaona wajumbe ni watu tuliowazidi elimu, tukaondoka tukisema tutaonana mbele ya sheria. Tulionana. Mwishoni tulipata tulichoweza kupata siku ile ya baraza, pungufu kidogo, na gharama zake zingeezeka nyumba mbili. Binti yetu mkubwa alipoolewa, waandaaji walipanga mama yake aingie ukumbini kwa mlango wa mashariki na sisi kwa mlango wa magharibi, saa moja baadaye. Shairi tulilomtungia halikughaniwa. Mwenyewe aliliomba lisighaniwe, kwa sababu mama yake angetoka.

Tunalisema hili si kwa kutaka huruma. Tunalisema kwa sababu watu husoma makala kama haya wakadhani yameandikwa na waliokaa pembeni.

Basi tulipokuwa makatibu wa baraza baada ya hayo, tuliliona pia jambo lingine, na hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Walikuja fundi cherehani na mke wake, mwalimu wa shule ya msingi. Walikuwa na watoto watatu, nyumba ya vyumba vinne, kiwanja kimoja kisichojengwa, cherehani mbili, na deni la chama cha kuweka na kukopa walilolichukua kwa kuezekea. Walikuwa wamekwisha kujaribu kurudiana mara mbili. Mwenyekiti akakohoa, akajiandaa kusema neno lake. Mjumbe mmoja, bibi wa miaka sabini hivi, akamshika mkono akasema, "Ngoja, baba." Akamgeukia fundi: "Mwanangu, nguo ikishonwa vibaya unafanyaje?" Fundi akajibu kwamba huifumua. "Huichani?" Akajibu, "Nikiichana, bibi, kitambaa kimekwisha." Bibi akasema, "Haya. Tufumue."

Walikaa jioni nne. Bibi aliagiza waitwe shangazi mmoja wa mume, kaka mmoja wa mke, na mshenga wa harusi, ambaye alikuja akilalamika kwamba kazi yake ilikwisha zamani. Jioni ya kwanza halikuzungumzwa kosa lolote la mtu. Vilihesabiwa vitu tu, na karani, yaani sisi, tukaviandika hata mabeseni. Jioni ya pili lilizungumzwa deni, kwa kuwa bibi alisema mwenye deni hana urithi wa kugawa. Ilikubaliwa kila mmoja alipe nusu kila mwezi. Jioni ya tatu walizungumzwa watoto, na mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, aliitwa akaulizwa. Alisema anataka kubaki shuleni kwake. Kwa neno hilo la mtoto nyumba ikapata mgawanyo wake: mama na watoto wakae humo mpaka wa mwisho amalize shule ya msingi, kisha ithaminiwe, na mmoja amlipe mwenzake nusu au iuzwe. Fundi alichukua cherehani zote mbili, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zikilipa ada. Mwalimu alichukua kiwanja. Jioni ya nne ilikwenda yote kwa jambo moja: albamu ya picha za harusi. Hakuna aliyeitaka, na hakuna aliyekubali itupwe. Bibi akaifunga katika kanga akaondoka nayo, akasema watakapokuwa wakubwa watoto waende wakaichukue kwake.

Hati iliandikwa kwa mwandiko mzuri, ikagongwa mhuri, mapatano yakaambatanishwa. Walipofika mahakama ya mwanzo, hakimu alisoma, akamwuliza kila mmoja peke yake kama alilazimishwa, na katika kikao cha pili ndoa ikavunjwa. Hatukuona mtu akilia, ila mshenga.

Watakuwapo watakaosema tunawafundisha watu kuachana. Hoja hii twaisikia kila siku, nayo haina miguu. Anayejua njia ya kutoka ndani ya msitu si kwamba anauchukia msitu. Watu wanaachana, wanaachana usiku na mchana, mjini na shamba, wenye vyeti na wasio na vyeti. Kanisa Katoliki halina talaka katika mafundisho yake, na hata hivyo waumini wake wapo katika foleni za mabaraza pamoja na wengine. Hatuulizi kama waachane. Twauliza watakuwaje asubuhi yake, wakikutana kwenye kikao cha wazazi shuleni.

Hoja iliyo nzito ni nyingine, na ingekuwa uongo tukiipita mbio. Wapo wanaosema, hasa akina mama, kwamba baraza ni la wanaume. Kwamba mapatano ya nyumbani ni jina jingine la kumnyang'anya mwanamke. Kwamba mbele ya wazee atapewa sufuria mbili na nauli, ilhali sheria ingempa haki yake. Wana ushahidi. Sisi wenyewe tumeshuhudia wajomba wakimwambia mwanamke aliyekaa miaka ishirini kwamba hana chake, kwa kuwa hakuwahi kuajiriwa. Na ni mahakama, wala si baraza, iliyolivunja neno hilo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani na kutunza familia ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Sheria ya 1971 yenyewe inaiagiza mahakama iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto, na ielekee kwenye usawa. Kwa habari ya watoto, yaagiza kwamba kinachotangulia ni maslahi yao, na kwamba aliye chini ya miaka saba hudhaniwa ni heri akae na mama yake mpaka ionyeshwe vinginevyo.

Je, hayo yanaibomoa hoja yetu? La hasha. Yanatuonyesha kitu ambacho hakina budi kuwekwa juu ya mkeka kabla mtu hajafungua kinywa. Kila baraza lianze kwa kusomewa mambo hayo kwa Kiswahili, ili mjomba anayetaka kusema mwanamke hana chake ajue mapema kwamba anasema dhidi ya sheria ya nchi. Wajumbe wanawake wawemo, na wawemo wa kusema, wasiwe wa kupika chai. Na tukumbuke mwisho wa shauri lenyewe la 1983. Bi Hawa, ambaye jina lake hutajwa mpaka leo katika mashauri ya wanawake wengine, yeye hakupata fungu. Mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa mradi wa familia alizitumia vibaya, rufani yake ikatupwa. Haki ikawa ya wote isipokuwa aliyeipigania. Hatulaumu majaji, maana walihukumu kwa yaliyokuwa mbele yao. Tunachosema ni kwamba hukumu hukata kama shoka: huangukia upande huu au ule. Jioni nne za bibi yule zilikata kama mkasi.

Lakini tusieleweke vibaya katika jambo moja. Anayepigwa asiitwe kwenye mkeka kupatana na fimbo. Sheria ya 1971 ilitamka wazi kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake, na palipo na damu pa kwenda kwanza ni polisi na hospitali. Sheria hiyo hiyo imewaachia njia wasioweza kufika barazani, kama aliyetelekezwa na mwenziwe asijulikane alipo, au ambaye mwenziwe yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi upesi, na mahakama ikiona kuna jambo la pekee linalofanya baraza lisifae, yaweza kulipita. Mzee wa baraza anayemrudisha mwanamke mwenye jicho lililovimba nyumbani kwa aliyelivimbisha hajasuluhisha; ameshiriki.

Tusidanganyane pia kwamba mahakama inaweza kuachwa kabisa. Wapo Bara wanaoamini kwamba barua ya talaka iliyoandikwa na mume na kushuhudiwa na watu wawili imemaliza kila kitu. Mbele ya dini yaweza kuwa imemaliza. Mbele ya sheria ya Bara, ndoa huvunjwa kwa amri ya mahakama, na aliyekaa na barua yake kabatini miaka kumi atashangaa siku ya mirathi. Mume na mke wanaweza kuandikiana mapatano ya kuishi mbalimbali, na kwa habari ya mali na matunzo sheria huyatambua. Kwa habari ya watoto mahakama haifungwi nayo. Kwa hiyo mahakamani tutakwenda. Ila twende kugongewa mhuri, tusiende kuchaniana nguo. Hakimu akipewa watu waliokwisha kupatana, kazi yake ni ile aliyoifanya yule wa fundi na mwalimu: kuuliza kama kuna aliyelazimishwa.

Liko suala la mahari, na wengine wangependa tulinyamazie. Pwani, mahari ni ya mke; atakaye kujivua kwa khului hurudisha alichopewa au walichopatana, akawa huru. Kwenye mila za ng'ombe jambo ni zito zaidi, kwa sababu ng'ombe wale wamekwisha kumwozesha kaka yake, na kaka hawezi kumrudisha mke wake ili dada amwache mume. Basi mwanamke hubaki amefungwa kwa kamba za ng'ombe ambao hata hakuwanywa maziwa. Wazee wanaotaka kuheshimiwa kama wasuluhishi waanze hapa: wahesabu miaka ya jembe lake na watoto aliozaa, wapunguze ng'ombe kwa hesabu hiyo. Zipo koo zenye desturi ya kupunguza kwa ajili ya watoto. Desturi hiyo ndiyo ya kuandikwa na kufundishwa na maafisa utamaduni, kabla ya kuandika tena juu ya urefu wa sketi.

Na Waislamu wenzetu wanaoshika neno la talaka kwa mkono mmoja na kuliacha neno la eda kwa mkono mwingine, nao tuwaambie. Mwanamke aliye katika eda ya talaka rejea hafukuzwi nyumbani. Amri hiyo ni wazi, nayo iliwekwa ili hasira ipoe na mimba ijulikane. Yule anayetoa talaka tatu saa nne za usiku na godoro saa nne na nusu hajafuata dini, amefuata ghadhabu.

Lugha yetu, kwa bahati njema, imekwisha kututangulia. Kiswahili kina neno mtalaka, lenye ukali wake. Lakini sikilizeni watu wanavyosema mtaani juu ya waliyeachana naye: husema mzazi mwenzangu. Hawasemi adui yangu, wala mdaiwa wangu. Maneno hayo mawili yamebeba yote tuliyoyaandika hapa kwa kurasa nyingi, na wananchi waliyaunda wenyewe bila kamati ya istilahi.

Tunachotaka, basi, ni kitu kidogo cha kutekelezeka. Daftari la kamati ya harusi lisitupwe. Majina yaliyomo, ya mwenyekiti, ya mshenga, ya wazee wawili wa kila upande, yahifadhiwe pamoja na cheti cha ndoa; na ikiwa siku itakuja, Mungu apishe mbali, watu hao hao waitwe kabla ya mtu mwingine yeyote. Wasije na vinywaji. Waje na kalamu, na mmoja wao ajue kusoma Sheria ya Ndoa.

Mwaka huu binti yetu wa mwisho ameposwa. Kamati imekwisha kuundwa, mwenyekiti wake ni shemeji yetu, ndugu wa mama yao, mtu mwema ambaye hatukuzungumza naye kwa miaka saba. Tumemwandikia barua kumwomba daftari lile litunzwe baada ya sherehe, na kumweleza sababu. Amejibu kwamba huo ni uchuro, na kwamba washairi siku zote hawajui la kusema wakati gani. Lakini mwishoni mwa barua yake ameandika kwamba mzazi mwenzetu amesoma maombi yetu, na kwamba amemwagiza katibu anunue daftari lenye jalada gumu.